Kikohozi cha Njugu

Jumamosi katika ploti ya vyumba vya kupanga ya Shosho Waringa, huko Kabiria jijini Nairobi, ilianza kwa karai. Kabla jua halijafika juu ya mabati, kina mama walikuwa wameshapanga karai zao kandokando ya mfereji, na watoto wa shule walikuwa wakisugua kola za mashati yao kwa sabuni ya kipande. Waceke, mjukuu wa bibi huyo mwenye ploti, alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa darasa la saba. Alifua soksi zake kwa papara, moja ikabaki na tope, akazianika hivyo hivyo. Asubuhi hiyo ya mwaka 2004 alikuwa na haraka.

Haraka yenyewe ilihusu mbwa. Njugu alikuwa mbwa mdogo wa rangi ya chai ya maziwa, mwenye macho makubwa na miguu mifupi. Mjomba Karanja, mwenye duka la nguo kule Ngara, ndiye aliyemleta ndani ya katoni ya sabuni, baada ya kupewa na mteja aliyekuwa akihama nchi. Shosho alikuwa ameomba mbwa wa kulinda ploti. Alipoona kilichotoka ndani ya katoni alicheka mpaka akakaa chini, akasema ameletewa mbwa wa kulindwa. Lakini baada ya mwezi mmoja Njugu alikuwa akilala jikoni karibu na viazi, na Shosho alikuwa akimweleza habari zote za siku kana kwamba ni mjukuu wa pili.

Sheria ya Njugu ilikuwa moja tu: asitoke nje ya geti. Shosho hakuiweka kwa kupenda amri, bali kwa hofu ya watu wa nje. Kabla ya Njugu palikuwa na mbwa mkubwa aliyeitwa Simba. Jioni moja mtu alimrushia Simba nyama yenye sumu juu ya ukuta, na mbwa yule akaanguka mlangoni akikoroma na kutetemeka. Usiku uo huo wezi waliingia, wakabeba televisheni mbili, mitungi ya gesi na cherehani ya Wesonga, mpangaji wa chumba cha pili. Tangu siku hiyo kila mtu katika ploti alijua, au alidhani anajua, kwamba mbwa akianza kukoroma, wezi wako njiani.

Waceke aliijua sheria hiyo vizuri, na alikuwa ameivunja Jumamosi tatu mfululizo. Shosho alipokwenda kwenye mkutano wa kina mama kanisani, Waceke aliangua mnyororo wa marehemu Simba kutoka kwenye msumari, akamfunga Njugu shingoni, akampeleka uwanjani kuwaringia wenzake wa shule. Rafiki yake Namalwa, binti ya Wesonga, alifuatana naye. Mnyororo ulikuwa mnene na mzito, wa mbwa anayelingana na ndama. Kila Njugu alipomwona kuku alichomoka, na kila alipochomoka Waceke alimvuta kwa nguvu ili watoto waone kwamba mbwa wake ana bwana.

Jumamosi ya kwanza Njugu alikohoa mara mbili. Ya pili alitoa sauti ambayo hawajawahi kuisikia kwa mbwa, sauti kavu ya kukwaruza kama ya bata bukini aliyekanyagwa. Ya tatu sauti ilirudi mara nne, na wiki nzima baada ya hapo ilisikika kidogo kidogo nyuma ya nyumba kila Njugu alipofurahi. Namalwa alimwambia rafiki yake kwamba jambo hilo si la kunyamazia, Shosho aambiwe. Waceke akajibu kwamba Njugu anajidekeza tu. Ukweli ni kwamba alijua kabisa kuwa haiwezekani kusimulia kikohozi bila kusimulia matembezi, na matembezi yalikuwa na kofi mwisho wake.

Basi Jumamosi hiyo ya nne alikuwa akisubiri Shosho afunge kitambaa chake na kuondoka. Waceke akiwa bado kwenye karai, alipita Sifuna, mpangaji wa chumba cha sita. Sifuna alikuwa mwashi, mtu mrefu mwenye maneno machache, na alikuwa amehamia hapo wiki mbili tu zilizopita. Alikuwa akienda kwenye mjengo karibu na maduka ya Adams Arcade, mwiko na timazi vikiwa ndani ya gunia begani. Alisimama, akakata mandazi aliyokuwa akila, akamrushia Njugu nusu. Njugu alimeza bila kutafuna. Kina mama watatu waliona, na hakuna aliyejali.

Saa tatu Shosho aliondoka. Saa tatu na dakika tano Njugu alikuwa barabarani.

Mkutano wa kanisani siku hiyo uliisha mapema, saa saba kasoro robo, kwa sababu mwenyekiti alikuwa na homa. Waceke alikuwa bado uwanjani alipoona kitambaa cha bluu cha Shosho kikielekea nyumbani upande wa pili wa barabara. Aliushika mnyororo kwa mikono miwili, akakimbia kupitia njia ya uchochoroni inayopanda kilima, Namalwa nyuma yake. Njugu hakuweza kufuata mbio hizo. Miguu yake ya mbele ilikuwa ikiinuka kutoka ardhini, na Namalwa alikuwa akimsihi Waceke ambebe, lakini Waceke hakusikia la mtu. Alifika, akaufungua mnyororo, akautundika mahali pake na kusimama kando ya karai kama mtu ambaye hajawahi kutoka nyumbani.

Shosho aliingia getini. Njugu alimkimbilia kumlaki kama kawaida yake, mkia ukipepea, na katikati ya ua akasimama ghafla. Shingo ilinyooka mbele, viwiko vikatanuka, macho yakatoka, na ile sauti ikaanza. Haikuwa mara mbili wala mara nne. Ilikuja mfululizo, kavu, bila nafasi ya kuvuta pumzi. Mate yalianza kumdondoka.

Shosho aliuangusha mkoba wake. "Wamempa sumu," alisema. "Wamerudi."

Maneno hayo yalipita vyumba vyote vinane kwa haraka kuliko moto wa mafuta ya taa. Watu walitoka mbio. Mmoja alikimbilia kuficha redio, mwingine akawaita watoto ndani ingawa ilikuwa mchana mweupe. Jamleck, mpangaji aliyeuza mboga kwa pikapu yake kuukuu, na ambaye hakuna jambo lililokuwa likitokea katika ploti bila yeye kulisimamia, aliagiza maziwa. Kila mtu anajua mbwa wa sumu hupewa maziwa. Jamleck alimshika Njugu taya, mwanamke mmoja akamimina kikombe kizima kinywani. Maziwa yalitokea puani. Njugu alijipinda, na sauti ikawa ndogo zaidi na mbaya zaidi.

Waceke alitazama. Aliitambua sauti ile mara moja, kama mtu aitambuavyo sauti ya mtu wa nyumbani kwao. Akainamia karai, akaanza kusuuza shati ambalo lilikuwa limeshasuuzwa.

Ndipo mmoja wa wale kina mama wa asubuhi akakumbuka. Alisema kwamba yule mtu wa chumba cha sita alimrushia mbwa kitu, na yeye alimwona kwa macho yake. Wa pili akasema kweli. Wa tatu akaongeza kwamba alikitoa mfukoni, jambo ambalo halikuwa kweli, lakini wakati huo lilionekana linafaa. Mtu akauliza kama kuna anayejua kwao ni wapi. Hakuna aliyejua. Wiki mbili ni chache, na Sifuna hakuwa mtu wa maneno.

Jumamosi watu wa mjengo hutoka saa saba. Sifuna alifika getini na gunia lake begani, vumbi la saruji mpaka kwenye kope, akawasalimia. Jamleck alimjibu kwa kumshika mshipi wa suruali.

"Tumekuona asubuhi," Jamleck alisema. "Ulimrushia mbwa nini?"

"Mandazi. Nusu mandazi."

"Mandazi gani inaua mbwa?"

Sifuna alimtazama Njugu, akaonekana kutoelewa. Alisema mandazi ile alinunua kwenye kioski pale kona, na nusu nyingine ameila yeye, na mpaka sasa amesimama. Jibu hilo lilikuwa la busara, lakini watu wenye hofu hawana masikio. Gunia lake lilimwagwa. Mwiko, timazi, nyundo ndogo na patasi vilianguka chini, na mtu akaokota ile patasi akaiinua juu, akauliza fundi halali ana haja gani na chuma cha kuvunjia kufuli. Nje ya geti wapita njia walianza kusimama. Kijana mmoja ambaye hakumjua mbwa wala mpangaji aliuliza kama ni mwizi, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshaokota jiwe. Nyuma yake neno hilo lilirudiwa na wengine: mwizi, mwizi wa Kabiria, leo amepatikana.

Waceke alikuwa amekulia Nairobi. Alijua neno hilo likishatamkwa barabarani mara tatu, mtu hapewi nafasi ya kujieleza. Alimwona Sifuna akiangalia geti lililozibwa na watu. Alimwona Namalwa akimtazama yeye, si Sifuna wala mbwa, yeye tu. Aliogopa kofi la Shosho, aliogopa aibu mbele ya ploti nzima, na juu ya yote aliogopa kwamba ni yeye aliyemuua Njugu. Lile jiwe lilikuwa jiwe la kweli, lenye ncha.

"Si yeye," alisema. Hakuna aliyesikia. Alikwenda ukutani, akauangua mnyororo na kuutupa katikati ya ua, ukaanguka kwa kishindo karibu na viatu vya Jamleck. "Si Sifuna. Ni mimi. Nimekuwa nikimtoa Njugu na huu mnyororo kila Jumamosi, leo ni mara ya nne. Hii sauti imeanza wiki mbili zilizopita. Leo nimemkimbiza nikimvuta shingo. Sifuna hakuwa hata amehamia wakati nilianza."

Jamleck alisema mtoto anamfichia mtu, watoto hupewa peremende wakasema lolote. Namalwa akajitokeza, akasema alikuwepo mara zote nne na anaweza kutaja siku zenyewe. Shosho alimwangalia mjukuu wake kwa muda ambao Waceke hakuusahau maishani. Kisha aliwageukia watu wa getini akawaambia hapa hakuna mwizi, waende zao. Yule kijana aliondoka polepole, jiwe bado mkononi.

"Tumpeleke kwa daktari wa mifugo pale Adams Arcade," Shosho alisema. "Jamleck, washa gari."

Jamleck hakumwachilia Sifuna. Alisema daktari ndiye atakayesema kama ni sumu au si sumu. Sifuna akajibu kwamba na yeye anataka kusikia, kwa hivyo waende wote. Akapanda nyuma ya pikapu juu ya majani ya kabeji, mshipi wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake Jamleck, wakati Jamleck mwenyewe akiendesha. Waceke alikaa mbele na Njugu mapajani. Alipochungulia ndani ya kinywa chake aliona ulimi ambao jana ulikuwa mwekundu umeanza kuwa wa zambarau. Hakulia. Aliogopa kwamba akilia Njugu ataogopa zaidi, akamshika kifua kwa kiganja bila kumbana.

Daktari Munyiva alikuwa na chumba kimoja na nusu nyuma ya maduka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumtoa nje kila mtu isipokuwa watu wanne: Shosho, Waceke, Jamleck na Sifuna. La pili, aliwataka wanyamaze. Alimweka Njugu mezani, akaleta barakoa ndogo yenye mpira unaotoka kwenye mtungi wa hewa, akaishika karibu na pua yake bila kumlazimisha. Akamchoma sindano ya kumtuliza. Baada ya dakika kumi kifua cha Njugu kilianza kupanda na kushuka taratibu. Hizo dakika kumi ziliwachosha wote kuliko safari.

Ndipo alipouliza maswali, na hakumwuliza Shosho. Alimwuliza Waceke. Sauti ilianza lini? Huja Njugu akiwa amelala au akiwa amefurahi? Baada ya kula au baada ya kuvutwa? Waceke alijibu yote bila kuficha, hata ya leo.

"Sasa nitolee hiyo sauti wewe mwenyewe," daktari alisema.

Waceke aliona haya, lakini aliinyoosha shingo akakwaruza mara tatu kama bata bukini. Hakuna aliyecheka. Daktari naye akatoa sauti yake, tofauti, ya kuvuta hewa ndani kupitia puani kwa kukoroma, kama mtu anayepiga chafya kinyumenyume. Akauliza ni ipi kati ya hizo mbili. Waceke akasema ni ile ya kwanza, ya bata.

Daktari alieleza kwamba swali hilo ndilo lililotenganisha mambo. Ile chafya ya kuvuta ndani huwapata mbwa wengi wadogo, wakivuta vumbi au wakifurahi. Inatisha kuisikia, lakini hupita kwa dakika moja, na mwenye mbwa anachohitaji ni kutulia na kumpapasa koo polepole. Hii ya bata ni nyingine. Bomba linalopeleka hewa mapafuni lina pete ngumu zinazolizuia lisibonyee, na kwa mbwa wadogo wengine pete hizo ni laini tangu kuzaliwa. Ukimfunga mnyororo shingoni na kumvuta, bomba linabonyea kama mpira wa maji uliokanyagwa. Njugu alizaliwa na udhaifu huo, na mnyororo ukauamsha.

"Kwa hivyo si sumu?" Jamleck aliuliza.

Daktari alisema sumu ingemfanya atapike, atetemeke, misuli ikakamae, na sumu haiji kila Jumamosi kwa wiki mbili. Kisha akauliza ni nani aliyemnywesha maziwa. Jamleck aliinua mkono nusu.

"Mbwa asiyeweza kupumua hawezi kumeza," daktari alimwambia. "Maziwa mengine yameingia mapafuni. Atabaki hapa mpaka Jumatatu niyatazame. Na ulimshika taya mbwa anayetoka mate bila kujua anaumwa nini. Angekuwa na kichaa cha mbwa, sasa hivi ungekuwa hospitalini ukidungwa sindano." Alimwomba Shosho kadi ya chanjo. Shosho alikuwa nayo ndani ya Biblia, kwenye mkoba, na chanjo ilikuwa ya mwaka huo. Jamleck alishusha pumzi ndefu, akatazama vidole vyake kimoja kimoja.

Sifuna alikuwa amesimama karibu na mlango wakati wote huo. Jamleck alipomwambia samahani, ndugu yangu, aliitikia kwa kichwa, akaomba ruhusa aende nje kuvuta hewa.

Jumapili Waceke alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha sita bila kutumwa. Alikuwa amepanga maneno mengi lakini mlango ulipofunguliwa yote yalimtoka, akasema tu kwamba alijua tangu mwanzo na alinyamaza. Sifuna alikaa juu ya kigoda, akamweleza kwamba ana watoto wawili nyumbani kwao Bungoma, na mkubwa ni wa umri wake. Aliposhikwa mshipi, alisema, alichowaza ni nani atakayewapelekea habari, na atawaambia baba yao aliuawa kwa kosa gani. Hakusema kwa hasira. Waceke alilia sana siku hiyo, na safari hii hakujizuia.

Njugu alirudi Jumatatu jioni, amekonda kidogo, amevaa mkanda mpya unaozunguka kifua na mabega bila kugusa shingo. Daktari alikuwa ameagiza pia asinenepe na asilale tena jikoni penye moshi wa jiko. Kikohozi hakitaisha kabisa, alikuwa amesema, lakini akitunzwa ataishi nacho. Shosho aliwaita wapangaji wote kwenye mfereji. Kwanza alimwomba Sifuna msamaha mbele yao, yeye mwenye ploti, akiwa amevua kitambaa cha kichwani. Kisha alisema kwamba Waceke hatakanyaga uwanjani mpaka muhula uishe, na kila alfajiri atasafisha mahali pa Njugu.

Baada ya hapo alimsogeza mjukuu wake karibu, akaongea kwa sauti ya kawaida, ingawa kila mtu alisikia.

"Mimi nilisikia sauti moja nikadhani nimejua habari yote, na hilo ni kosa langu. Nitajifunza kuuliza kwanza. Lakini wewe, Waceke, habari yote ulikuwa nayo. Ungeniambia ile Jumamosi ya pili, ningekupiga kofi moja na Njugu angekuwa mzima leo. Ungenyamaza dakika tano zaidi Jumamosi hii, leo tungekuwa tunatafuta nauli ya kusafirisha maiti ya mtu asiye na hatia. Ukijua jambo, liseme siku ile ile unayolijua, maana hujui kesho litamwangukia nani."

Jamleck alitazama chini. Waceke alisema amesikia, na alisema hivyo kwa sauti iliyofika mpaka chumba cha nane.